Kuhusu Shule Kufungwa Watoto Wakiwa Tayari Ndani ya Basi

Saluni ya Verna,
Barabara ya Sawmill,
Halla Bay, Michigan.

Kwa Dakta Brent Terpstra,
Mkurugenzi wa Shule za Wilaya ya Halla Bay.

Nakala: Wajumbe wa Bodi ya Shule, kila mmoja nyumbani kwake, maana theluji ikianguka, ofisini hamfiki.

Ndugu Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kwamba wewe na mkeo hamjambo na kwamba nyumba yenu ina joto. Najua ina joto. Najua pia kwamba mbele ya nyumba yenu pamekwanguliwa vizuri, kwa sababu greda la theluji la kaunti hugeuzia hapo kabla ya kuja kwetu, na mara nyingine likishageuza hapo haliji kwetu kabisa.

Jina langu ni Verna Ojanpera. Ninatengeneza nywele katika saluni iliyoshikana na nyumba yangu. Mume wangu, Reino, alikuwa mkata magogo. Sasa amestaafu na anashinda na trekta lake. Binti yetu, Tess, ni mhudumu katika nyumba ya wazee. Huondoka alfajiri, na mwanawe Annika, aliye darasa la pili, hubaki nasi mpaka basi la shule lije. Nakueleza haya ili uwajue watu wanaoamshwa na simu yako.

Mimi si mtu wa kuandika barua za malalamiko. Walipofunga posta yetu sikuandika, kwa sababu ningeipeleka wapi. Lakini mambo ya Jumanne ile, na yaliyofuata, yamenishinda kunyamaza. Nitayapanga kwa nambari, kwa kuwa wewe ni msomi na najua hupenda vitu vipangwe. Ombi langu nitaliweka mwishoni, usije ukaacha kusoma.

1. Nalalamikia saa mbili za kuchelewa.

Mtangazaji wa hali ya hewa kwenye televisheni alikuwa ameshasema kwamba tufani itatoka ziwani na kutufikia asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Alichora wingu la zambarau, akalizungushia duara. Hata Annika alielewa. Alfajiri ya Jumanne nje kulikuwa shwari, nyota zinaonekana, barabara imekauka. Ndipo simu ikalia, na sauti yako iliyorekodiwa ikasema: "Familia za Halla Bay, habari za asubuhi. Kwa kujali usalama wa watoto wetu, leo shule zitachelewa kufunguliwa kwa saa mbili. Furahieni kifungua kinywa pamoja."

Reino akauliza akiwa chini ya blanketi, "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Ni Dakta."

"Anataka nini?"

"Anataka tule pamoja."

Akageukia ukutani.

Sasa, Ndugu Mkurugenzi, mimi sikusoma chuo kikuu, lakini hebu tulitazame jambo hili taratibu. Tufani ilikuwa bado haijafika. Wewe ukayatoa mabasi kwenye saa ya utulivu, ukayasogeza mbele, ukayaweka katikati ya tufani. Halafu ukaliita tendo hilo usalama. Ningekuwa na mteja aniambie nywele zake zinaungua, nami nikamwongezea moto ili nipate muda wa kufikiri, nadhani leseni yangu ingekuwa imeshachukuliwa.

2. Nalalamikia kufungwa kwa shule baada ya kuchelewa.

Asubuhi hiyo nilikuwa na Bibi Lempi Rautio kwenye kiti. Bibi Lempi alikuwa anamzika dada yake, Hilja, adhuhuri, na alikuja mapema ili nimwekee rola. Mtu anayemzika dada yake anastahili kutengenezwa nywele kwa utulivu. Badala yake alimpata Annika, ambaye kwa amri yako alikuwa na saa mbili za kumhoji.

"Bibi Lempi, dada yako amekufa na nini?"

"Uzee, mwanangu."

"Wewe si mzee pia?"

"Mimi mdogo wake."

"Kwa hiyo bado kidogo."

"Bado kidogo," akasema Bibi Lempi, wala hakukasirika.

Wakati wa basi ukakaribia. Sijui kama umewahi kumvisha mtoto wa darasa la pili nguo za theluji. Unaanza na suruali mbili, soksi mbili, buti, koti, skafu, kofia na glovu, na ukimaliza glovu ya pili ndipo anapokumbuka kwamba anataka kwenda chooni. Tulimaliza. Nikamtoa mpaka barabarani. Duane Kallio, dereva wa basi, akafungua mlango akanitazama bila kusalimu.

"Verna, kule upande wa ziwani kumeshakuwa kweupe kwa theluji. Siipendi hali hii."

"Wamekuambia nini?"

"Wameniambia niende."

Nami nikampandisha mtoto. Nataka hilo liandikwe: nilimpandisha kwa mkono wangu, kwa sababu Dakta alikuwa amesema ni salama.

Nimeingia ndani, sijavua hata koti, simu ikalia tena. "Familia za Halla Bay, kutokana na hali kubadilika, leo shule zimefungwa. Furahieni theluji." Nikatoka mbio hadi barabarani. Basi halikuwepo tena, na barabara yenyewe ilikuwa inaondoka mbele ya macho yangu. Ilianza kupotea miti ya ng'ambo, kisha sanduku la barua, kisha mkono wangu nilipounyoosha.

Nikapiga simu ofisini kwako. Alipokea katibu wako, Marcy, binti mwenye adabu ambaye simlaumu kwa lolote.

"Marcy, basi la Duane liko wapi?"

"Bi. Verna, shule imefungwa leo."

"Nimesikia. Basi liko wapi?"

"Kwa mujibu wa mfumo, watoto wote wako nyumbani."

"Mimi niko nyumbani, Marcy. Mtoto hayupo."

Nikamsikia anabonyeza vitufe. "Mfumo unaonyesha shule imefungwa," akasema, "na shule ikifungwa, watoto wanakuwa nyumbani."

Nikamwomba aniunganishe na wewe. Akasema uko kwenye kikao cha kutathmini jinsi taarifa ya kufunga shule ilivyopokelewa na wazazi. Nikamwambia ningeweza kusaidia katika tathmini hiyo. Akasema atakufikishia ujumbe. Kama hukuupata, huu hapa.

Ngoja nikueleze kilichotokea, maana taarifa yako kwa Bodi ilisema "basi moja lilipata usumbufu mdogo." Duane alikuwa amefika juu ya mlima wa Sawmill alipoambiwa kwa redio ageuze, amrudishe kila mtoto kwao. Akageuza. Katika kuteremka, kwenye kona iliyo karibu na kiwanda cha mbao cha zamani, basi likateleza polepole, magurudumu ya kulia yakaingia mtaroni, likalala ubavu mmoja kama mtu aliyechoka. Hakuna aliyeumia. Lakini mlango ulikuwa upande wa chini, umezibwa na theluji, na moshi wa injini haukuwa na pa kutokea, kwa hiyo Duane akazima injini. Ukizima injini, unazima na joto.

Hayo sisi hatukuyajua bado. Tulichojua ni kwamba basi halikurudi. Reino alivaa, akachukua kamba ndefu ya magogo, akawasha trekta. Alipopita dirishani niliona taa zake kwa muda mfupi sana.

Mimi nilibaki nimesimama katikati ya saluni na kitana mkononi. Bibi Lempi, rola zimejaa kichwani, akaja akasimama karibu yangu.

"Duane nilimfundisha mafundisho ya Jumapili," akasema. "Kichwa chake kizito, lakini hana papara. Atakaa nao palepale."

"Na asipokaa?"

"Atakaa. Ukimwambia Duane keti, ataketi mpaka umsahau."

Akanishika mkono. Alikuwa na dada yake ndani ya jeneza, Ndugu Mkurugenzi, na ndiye aliyekuwa akinifariji mimi. Nilikuwa naona picha ambazo sitakuandikia. Nilikuwa naiwazia ile glovu ya pili, kama niliibana vizuri kwenye mkono wa koti au niliharakisha.

Duane alikaa nao. Reino alipofika alimkuta amewakusanya wote upande wa juu wa basi, wamebanana, amewavua wakubwa makoti akawafunika wadogo, anawaimbisha wimbo wa kuhesabu ambao yeye mwenyewe hakuwa akiujua vizuri. Waliwatoa kwa dirisha la dharura. Reino akaifunga kamba nyuma ya trekta, kila mtoto akaishika, Duane akawa wa mwisho, wakaja hivyo, trekta likienda mwendo wa kobe. Mtoto mmoja alijaribu kuiachia kamba ili ale theluji, Duane akamwambia, "Ukiachia, nakurudisha shuleni." Akaishika.

Waliingia saluni kwangu wote. Niliwaketisha chini ya draya zamu kwa zamu, nikatumia kila taulo niliyo nayo. Mmoja wao, binti mdogo wa nyumba ya akina Maddox, alikuwa amevaa raba. Nikamvua. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vyeupe kama mshumaa, na hakuwa akilia, jambo lililonitisha zaidi. Bibi Lempi akaketi sakafuni na nguo yake ya msiba, akaifungua sweta yake, akaibana ile miguu tumboni mwake. Akakaa nayo hivyo bila kusogea mpaka mtoto alipoanza kulia kwa maumivu. "Vizuri," akasema. "Lia sana. Ndivyo tunavyotaka."

Kisha akaniambia nikalete kikapu chake. Ndani mlikuwa na mikate ya iliki aliyooka kwa ajili ya wageni wa msiba. Tukawakatia watoto. Mchungaji akapiga simu kusema mazishi yameahirishwa, hakuna anayeweza kufika kanisani, na kwamba anasikitika sana. Bibi Lempi akamjibu, "Hilja hatajali. Maisha yake yote alikuwa ananisubiri." Halafu akaenda chooni kwangu akakaa huko kwa muda, nami nikaongeza sauti ya redio ili watoto wasisikie.

Wazazi walianza kufika jioni, greda lilipopita. Hakuna hata mmoja aliyeonekana kuifurahia theluji.

3. Nalalamikia Jumatano.

Jumatano jua liliwaka mpaka tukafunga mapazia. Barabara zilikuwa safi. Shule ukazifunga kutwa nzima "kwa tahadhari". Tahadhari ya nini, labda ya Jumanne. Siku hiyo mkeo alikuja saluni. Sikumwuliza kitu, kwa mteja mimi ni mtu wa kusikiliza. Alisema mwenyewe, kichwa kikiwa kwenye beseni, kwamba hali ilikuwa nzuri kiasi kwamba ulikuwa umekwenda ziwani kuvua samaki kwenye barafu. Natumaini walipatikana.

4. Nalalamikia nyumba ya wazee.

Hili huenda hukulifikiria, kwa hiyo nitalisema kwa ufupi. Wanaowaamsha wazee wetu, kuwaogesha na kuwalisha ni akina mama wenye watoto shuleni. Shule ikifungwa bila taarifa, nusu yao hawaji. Jumatano Tess alibaki na mwenzake mmoja kwa jengo zima. Mama yangu mzazi yumo humo. Hawezi kujiinua. Alilala akitazama dari mpaka karibu adhuhuri, na Tess alipomfikia, mjukuu wake mwenyewe, mama alimwambia, "Nilidhani leo mmeamua tusiamke." Uamuzi wako huanzia shuleni, Dakta, lakini haukomei huko.

5. Nalalamikia namna mnavyoamua.

Alhamisi nilihudhuria mkutano wa Bodi pamoja na Reino. Ulieleza vizuri sana, na kwa mchoro, jinsi uamuzi unavyofikiwa. Kwamba unaamka kabla ya kila mtu. Kwamba unatoka barazani kuangalia. Kwamba kisha wakurugenzi wote wa wilaya jirani huingia kwenye simu moja kwa ajili ya "mashauriano ya pamoja". Reino akanyoosha mkono.

"Mnashauriana nini?"

"Tunabadilishana taarifa, Bwana Ojanpera."

"Taarifa gani?"

"Kila mmoja anasema anaelekea kufanya nini."

"Na wewe Jumanne ulisema unaelekea kufanya nini?"

Ukasema ulitaka kwanza kuwasikia wenzako. Reino akauliza wenzako walisema nini. Ukasema nao walitaka kukusikia wewe. Ndipo mwenyekiti wa Bodi akapendekeza tuhamie kwenye ajenda ya rangi mpya ya ukumbi wa michezo.

Kwa hiyo sasa najua. Wanaume watu wazima, kila mmoja na shahada zake ukutani, wamesimama gizani na nguo za kulalia, simu sikioni, kila mmoja anamsubiri mwenzake aogope kwanza. Akiogopa mmoja, wote wanaogopa kwa pamoja. Asipoogopa yeyote, mnachelewesha saa mbili. Kuku wangu huamua kuingia bandani kwa mtindo huohuo, lakini hawaiti mashauriano, na wala hawapigi simu kuniamsha.

Baada ya mkutano nilikufuata mlangoni. Uliniambia, kwa upole, "Mama Verna, nikifungua mnanilaumu, nikifunga mnanilaumu." Nikakujibu kwamba hakuna aliyekulaumu kwa kufungua au kufunga, umelaumiwa kwa kufanya yote mawili asubuhi moja. Ukasema utalitafakari. Nilikuona unatafakari hadi kwenye gari.

SASA OMBI LANGU.

Naomba, kwa heshima, kama nilivyodai Alhamisi mbele ya Bodi, shule za Halla Bay zisifungwe tena kamwe kwa sababu ya theluji, wala zisicheleweshwe hata dakika moja. Neno "theluji" lifutwe kwenye kanuni za wilaya. Hapa theluji si dharura, ni Januari. Tufani ya Jumanne ingewakuta watoto darasani, penye tanuri la joto na maziwa, kama usingechezea saa. Mahali pa mtoto wakati wa tufani ni shuleni, na hilo nitalisema mbele ya yeyote.

Tufani ikikaza watoto wasiweze kurudi nyumbani, walale shuleni. Ukumbi wa michezo mnaotaka kuupaka rangi ni mkubwa. Wewe utalala nao, katikati, ili wakiamka usiku wakuone. Utawavisha asubuhi, wote, pamoja na glovu ya pili.

Kila alfajiri ya baridi utapanda basi la Duane kuanzia kituo cha kwanza, ukae kiti cha mbele, na redio utaishika wewe. Ukitaka kusema "geuza", utamwambia Duane usoni, nawe utageuzwa pamoja naye.

Na ikitokea, licha ya yote haya, umefunga shule, basi watoto wote waletwe kwako. Nyumba yako ina gereji ya magari matatu na mbele yake greda halikosi. Pamoja nao waje wahudumu wa nyumba ya wazee, na ikibidi wazee wenyewe, maana mama yangu anapenda watoto na hatasumbua. Mkeo ana moyo mzuri na najua atawapokea. Hapo mtafurahia theluji na kifungua kinywa pamoja, kwa sauti yako mwenyewe, bila kurekodi.

Nasubiri majibu kwa maandishi. Kwa simu, tafadhali, usinipigie.

Nisalimie mkeo, umwambie nafasi yake ya Ijumaa iko palepale. Wasalimie wajumbe wa Bodi na rangi yao. Msalimie Marcy, na ukipata nafasi usalimie mfumo. Bibi Lempi anakusalimu pia. Amemzika dada yake Ijumaa, watu walikuwa wengi, na nywele zilikaa.

Mimi raia mwema na mlipa kodi wa wilaya yako,

Verna Ojanpera

Nyongeza: Barua hii niliimaliza Jumapili, nikawa sijaipeleka. Leo Jumatatu kumeamka upepo mbaya kuliko wa wiki iliyopita. Simu yako haikulia. Nilikaa nayo mkononi tangu alfajiri, nikaangalia kama ina chaji, nikamwambia Reino anipigie nione kama inaita. Inaita. Umefungua shule, kwa wakati, kama nilivyodai mbele ya Bodi nzima, na nasikia wilaya jirani zote zimefunga. Sikutegemea ungekuwa mtu wa kuthubutu hivyo.

Nilimvisha Annika nikamtoa barabarani. Basi likatokea, Duane akafungua mlango. Ndani kulikuwa na joto, nililihisi usoni. Akasema, "Shule iko wazi, Verna." Annika akainua mguu apande, na mimi mkono wake sikuuachia. Akanitazama. Duane akangoja, maana hana papara. Nikasema, "Leo hapana." Akafunga mlango bila kuniuliza, akaenda zake, na nilipotazama kupitia madirisha yale, viti vyote vilikuwa vitupu.

Yuko hapa anapanga rola kwa rangi. Naomba msimwandike mtoro. Andikeni kikohozi.

V.O.